Fundi wa Keko aliyeniazima masikio

Ukimtajia kijana wa Dar es Salaam neno Keko, kichwani mwake yanakuja mambo mawili tu: gereza na kitanda. Mimi nilikuwa hivyo hivyo. Kwetu Magomeni mtu akitaka kuoa anakwenda Keko kuchukua kitanda cha tano kwa sita, na mtu akikorofishana na sheria anapelekwa Keko kwa karandinga. Kwamba unaweza kwenda Keko kusikiliza muziki, hilo hakuna aliyewahi kuniambia.

Aliyenifungua macho ni dereva mmoja wa bajaji, mshkaji wangu wa kijiweni na mgonjwa wa muziki wa dansi. Siku hiyo tulikuwa tunabishana habari za sabufa.

"Kaka, wewe unaongelea sabufa? Kuna mzee pale Keko anatengeneza spika hazina boksi. Ubao mtupu umesimama, spika imechomekwa, nyuma wazi, unaona mpaka sumaku. Ukizisikia, hiyo sabufa yako utamgawia adui."

Nikacheka mpaka chai ikanipalia. Spika bila boksi si sawasawa na ngoma bila mzinga?

Lakini neno likanikaa. Nyumba ninayopanga ina vyumba sita na sabufa nne, na ikifika saa moja jioni kila chumba kinataka kushinda. Kushoto singeli, kulia taarabu, mimi katikati na dansi langu. Mabati yanatetemeka, vikombe vinatembea kabatini, na maneno ya wimbo husikii hata moja. Mama mwenye nyumba ameshanipa onyo mara mbili. La tatu, kasema, litakuja na godoro langu nje. Kwa hiyo, msomaji wangu, nilipotinga Keko sikwenda kwa umbea wa kigazeti peke yake. Nilikuwa na shida yangu.

Jumanne asubuhi nikadandia mwendokasi pale Magomeni Mapipa, nimesimama, pua kwapani mwa mtu, mpaka Gerezani. Hapo nikachukua bajaji, tukapita Kamata, tukakamata Barabara ya Nyerere, kisha tukaingia Barabara ya Chang'ombe.

Keko unaanza kuinusa kabla hujaiona. Vanishi, gundi, vumbi la mbao. Seti za sofa zimepangwa kando ya barabara, zimevishwa nailoni utadhani zinakwenda harusini. Vitanda vina vichwa virefu kama viti vya enzi. Na nyuma ya fahari yote hiyo kuna vijana waliojaa vumbi mpaka kwenye kope, kama wari waliotoka jandoni. Mashine ya kuranda inalia huku, msumeno wa umeme unaijibu kule. Mtu akitaka kuongea na mwenzake lazima apige kelele, na ukikaa kidogo unagundua kwamba hata umeme ukikatika, wao bado wanapiga kelele.

Banda la mzee liko ndani kabisa, unapita kati ya makabati mpaka unaingiwa na wasiwasi kwamba umepotea. Ni mabati tu, lakini ndani kuta zimefunikwa trei za mayai na magodoro ya zamani. Ukiingia, kelele za Keko zinapungua ghafla kama mtu kakuziba masikio kwa viganja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, karibu."

"Natoka gazetini."

Akaniangalia kuanzia kandambili mpaka nywele. Uso ukamlainika. "Pole sana mwanangu. Ulikaa muda gani?"

"Kukaa wapi mzee?"

"Si unasema umetoka gerezani? Wakiachiwa pale hupita hapa kuomba nauli. Usione aibu." Na mkono ulishaingia mfukoni kutafuta noti.

Fundi wa vitanda wa banda la pili, aliyekuwa amesimama mlangoni, akacheka mpaka akakaa chini. Mzee alipoeleweshwa alicheka pia, tena kuliko sisi wote. Halafu akaniambia neno moja nililolikumbuka siku zote nilizokwenda pale: "Ukisema na mimi, nitazame usoni. Masikio yangu yana shimo."

Shimo lenyewe alilipata kazini. Ujana wake wote, miaka ya themanini na tisini, alikuwa fundi mitambo wa bendi moja ya dansi. Kila wiki, Ijumaa mpaka Jumapili, kuanzia saa tatu usiku mpaka majogoo, alikuwa amekaa ubavuni mwa lundo la spika. Sauti nzito anazisikia vizuri, hata bajaji ikisimama barabarani atakwambia injini ina tatizo gani. Zilizokwenda ni zile nyembamba za juu: herufi s, herufi t, f, mlio wa manyanga, ncha ya gitaa la solo. Ndiyo maana gazeti likawa gereza.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba ndivyo kelele zinavyofanya kazi yake. Hazili sikio lote kwa pamoja. Zinaanza kula sehemu inayopokea mitikisiko kati ya 3,000 na 6,000 kwa sekunde, na hasa pale kwenye 4,000, na kikishaliwa hakioti tena. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba vijana bilioni 1.1 wako hatarini kwa ajili ya muziki wa sauti kubwa. Nami nilikuwa nimevaa eafoni wakati nasoma. Nikazivua. Dakika tano.

Basi utaniuliza, fundi asiyesikia juu anatengenezaje spika? Ngoja kwanza uzione.

Zilikuwa mbili, zimesimama katikati ya banda mbali na ukuta. Kila moja ni ubao wa mninga uliosimama wima, urefu futi nne, upana kama inchi 18, unene inchi mbili kasoro. Chini wufa ya inchi 15, juu yake spika ya kati ya inchi 8, juu kabisa twita. Pembeni ubao una mbawa fupi za kuuzuia usicheze. Nyuma hakuna kitu. Ukizunguka unaona vikapu vya chuma, sumaku, waya mwekundu na mweusi. Kwa kweli zilinitia haya kidogo, kama kumkuta mtu mzima anaoga.

"Kwa nini mninga?" nikamuuliza.

"Haichezi. Mbao nyingine ukizileta Dar na unyevu huu wa bahari, mwezi wa pili zimejikunja kama mkeka. Mninga ukikauka umekauka." Hii ilitoka upande wa Tabora. Kwa mteja asiye na uwezo anatumia plaiwudi, anabandika mbili pamoja kwa gundi na kuzilaza chini ya mawe siku tatu. Halafu anaupima ubao kwa namna yake: anasimamisha sarafu ya shilingi 500 juu ya ukingo, anapiga besi. Sarafu ikianguka, ubao unaongezewa mbawa. "Nataka spika iimbe. Ubao sijautuma kuimba."

Hapo ndipo akaniambia kuhusu boksi. Kwa maelezo yake, nusu ya muziki unaousikia kwenye sabufa yako ni kelele za boksi lenyewe. Spika ikisukuma hewa mbele, kwa wakati huo huo inavuta hewa nyuma. Ile ya nyuma ukiifungia ndani ya boksi haifi, inagongagonga kuta, inatafuta njia, inatokea kwenye tobo na kwenye mbao, imechelewa na imechafuka. Yeye anaiacha iende zake.

"Sasa mbona kila mtu anatumia boksi?"

"Kwa sababu boksi lina besi, na ubao hauna."

Akaizima twita, akachomoa wufa moja kwenye ubao, akaishika mkononi ikiwa inapiga. Besi ikapotea kabisa, kikabaki kitu kama redio ya mkulima. Akairudisha tobo lake taratibu, na kadiri ilivyokaribia ubao ndivyo besi ilivyonenepa, mpaka ilipokaa sawa nikaisikia tumboni. Sijawahi kuona mazingaombwe ya namna hiyo, na hakuna mazingaombwe. Hewa ya mbele inataka kukimbilia nyuma kuziba pengo, zikikutana zinauana. Ubao unazichelewesha. Lakini waya mnene wa gitaa la besi ukiachiwa unatikisika mara 41 kwa sekunde, na kwa joto letu la Dar wimbi lake moja lina urefu wa kama mita nane na nusu. Ubao wa inchi 18 ni nini mbele ya wimbi la mita nane? Kila ukishuka chini, besi inazidi kupungukiwa. Kwa hiyo lazima wufa iwe pana, iweze kwenda mbele na nyuma sana, na amplifaya iongezewe nguvu kule chini.

Alhamisi akanichukua Kariakoo kutafuta wufa za mteja mwingine, na huko nilimwona muuzaji akichanganyikiwa. Kariakoo spika inauzwa kwa sumaku. Jamaa alimtolea yenye sumaku kama sinia, anaibeba kwa mikono miwili. Mzee akaikataa. Akaomba yenye sumaku ndogo na koni laini. Ndani ya boksi sumaku kubwa ni sifa, lakini kwenye ubao inaishika koni breki kule chini, na besi inazidi kukonda. Muuzaji alimtazama kama mtu aliyeomba kuku mgonjwa. Bei ikashuka hapo hapo bila kuombwa.

Mambo haya hayakuanzia Keko, mzee mwenyewe anasema. Babake alikuwa na redio ya valvu, ya mbao, mgongoni ina kadibodi lenye matundu. Hiyo ni spika ya nyuma wazi. Mwaka 1925 Wamarekani wawili wa kampuni ya General Electric, Chester Rice na Edward Kellogg, walipotoa spika ya koni isiyo na pembe kama ya gramafoni, walikuta ubao hauepukiki. Mwaka 1954 Edgar Villchur akaja na kiboksi kidogo kilichofungwa kabisa na chenye besi ya kweli, basi mabao yakaanza kutoka sebuleni. Watu wanataka nafasi ya kuweka kochi. Waingereza wa Quad walianza kuuza spika yao isiyo na boksi mwaka 1957, lakini ile ni ya umeme mkali na utando mwembamba, haina koni.

Mtu anayemheshimu kuliko wote ni Siegfried Linkwitz. Picha yake ameibandika juu ya meza, imeshapigwa vumbi la mbao. Linkwitz alizaliwa Ujerumani mwaka 1935, akahamia California mwaka 1961, akawa mhandisi wa Hewlett-Packard wa vyombo vya kupimia. Spika ilikuwa kazi yake ya jioni. Miaka mingi alihubiri ubao wazi, akatoa Orion, akatoa LX521, na michoro yake mtu wa kawaida aliweza kuinunua akajitengenezea nyumbani. Alifariki mwaka 2018. Karatasi zake mzee aliletewa na mteja mmoja Mjerumani, na kwa kuwa Kiingereza chake ni cha kubahatisha, mjukuu wake ndiye aliyezisoma zote.

Huyo mjukuu ndiyo jibu la swali lako. Ni binti wa miaka 19, amesomea umeme. Babu anakata, anachonga, anapiga hesabu na kuunga waya. Binti anaweka maikrofoni ya kupimia, anafungua laputopu, mstari unajichora kuonyesha palipozidi na palipopungua. Halafu anazima laputopu na kusikiliza kwa masikio yake. Hakuna spika inayotoka banda lile kabla binti hajasema sawa.

Kabla ya kuondoka Jumanne ile, mzee aliniambia nitembee kuizunguka spika ikiwa inapiga. Mbele sauti imejaa. Nikaanza kwenda pembeni, ikawa inafifia, inafifia, na nilipofika ubavuni kabisa, ambapo ubao unauona ukingo tu, ikawa kama mtu kaifunika blanketi. Nikaendelea kwenda nyuma, ikarudi. Ubavuni ndipo ya mbele na ya nyuma zinapokutana zikiwa sawa na kinyume, zinamalizana.

Nikafikiria majirani zangu. Wote wawili wako ubavuni! Nikamweleza mzee chumba changu, futi kumi kwa kumi, kitanda, kabati, ndoo mbili. Akasikitika. Ubao wazi unataka nafasi nyuma yake, hatua moja nzima kutoka ukutani, la sivyo ile sauti ya nyuma inadunda na kurudi usoni kwako. "Uza kitanda," akasema. Mchumba wangu nilipomweleza hakucheka.

Sasa nije kwenye Jumamosi, maana ndiyo siku iliyonifanya niandike.

Jumamosi ilikuwa siku ya mwenye zile mninga kuja kuzichukua. Ni mstaafu mmoja kutoka Mikocheni, mtu wa miaka sabini na kitu, shati limenyooshwa, ana santuri zaidi ya mia za dansi. Vipaza sauti vyenyewe aliagiziwa na mtoto wake aliye nje. Bei ya kazi nzima ilikuwa shilingi milioni 3.5, na iliyobaki ni milioni 1.2. Mzee alishamwahidi muuza mbao kumlipa jioni ile ile.

Tatizo, binti hakuwepo. Bibi yake mzaa mama alifariki Alhamisi usiku, na Ijumaa alfajiri alipanda treni ya umeme kwenda Morogoro kuzika. Laputopu ilikuwa imefungwa kwa neno la siri. Twita ya kulia, iliyokuwa imebaki, babu aliiunga mwenyewe usiku kwa taa ya simu.

"Mwanangu," akaniambia nilipoingia, "leo niazime masikio yako."

Nikasema sawa, kwa mdomo mwepesi. Form four nilitoka na divisheni ya kuficha, hakuna aliyewahi kuniazima kitu chochote kilicho kichwani mwangu.

Mstaafu alikuja na gramafoni yake na santuri ya Mbaraka Mwinshehe. Ilikuwa ya mono, yaani kinachotoka kulia ndicho kinachotoka kushoto, kwa hiyo mwimbaji anatakiwa asimame katikati kabisa, pale hewani ambapo hakuna spika. Jumanne nilishamwona mtu akisimama hapo, kwa spika ya kushoto na ya plaiwudi tu. Nilijua anavyosimama.

Sindano ikashuka. Gitaa likaingia, besi ikatembea chini taratibu, safi, kila noti peke yake. Halafu sauti ya mtu ikaingia, na haikusimama. Nusu ya mwimbaji alikuwa kushoto, karibu, unasikia mpaka pumzi. Nusu nyingine ilikuwa mahali fulani nyuma ya pazia. Nikahama kiti. Nikageuza kichwa. Ilikuwa kulia. Kulia palikuwa na shimo.

Mstaafu amefumba macho, anatabasamu, kidole kinapiga goti. Mzee naye amefumba macho, anatabasamu. Wimbo ukaisha.

"Safi sana, fundi. Safi sana." Na bahasha ikatoka.

Hapo msomaji wangu, jasho lilinitoka. Nikisema, namwaibisha mzee mbele ya mteja wake, na jioni muuza mbao anakuja. Nisiposema, nani atajua? Nikamsogelea, nikamnong'oneza sikioni.

"NINI?" mzee akauliza kwa sauti ya Keko.

Mstaafu akafumbua macho. "Nimesema nikanunue maji," nikajibu.

Nikatoka nje, nimesimama kati ya makabati, najiona mjinga. Huwezi kumnong'oneza mtu ambaye hasikii s wala t. Nikaokota kipande cha plaiwudi, nikaazima penseli nene ya yule fundi wa vitanda, nikaandika. Nikarudi nikampa mzee kama vile namletea kipande alichokiagiza.

Alikisoma muda mrefu, zaidi ya ulivyohitaji mstari mmoja. Akakilaza mezani, maandishi chini.

"Mzee mwenzangu," akamwambia mstaafu, "rudisha bahasha mfukoni. Hizi leo hutoki nazo."

"Kwa nini?"

"Ya kulia ina kosa. Nimekosea mimi."

"Mbona sijasikia kosa lolote?"

"Hata mimi sijasikia. Kasikia huyu."

Wote wakanitazama. Nilitamani ardhi ipasuke. Mstaafu akanipima kutoka kandambili mpaka nywele, kama alivyofanya mzee siku ya kwanza, halafu akasema neno ambalo mpaka leo sijui ningelijibuje. "Fundi, wewe huna masikio, mimi uzee umeshakula yangu. Kama wote wawili hatusikii, kosa liko wapi? Nipe spika zangu."

Mzee akafikiria. "Una wajukuu?"

"Ninao."

"Wakija wikiendi wanakaa wapi?"

Mstaafu hakujibu. Akakaa chini, bahasha mkononi.

Mzee akaenda nyuma ya ubao wa kulia, na ni hapo nilipoona faida ya spika isiyo na boksi: hakuna cha kufungua. Akainama, akaangalia twita, akatikisa kichwa. Waya mwekundu alikuwa ameuchomelea palipo peusi. Kitu kidogo, lakini sikia uovu wake. Katika spika hizi kazi inagawanywa na krosova, chini ya mitikisiko 3,000 inapiga spika ya kati, juu ya hapo inapiga twita, na pale pa kukabidhiana zinapiga zote mbili. Krosova yenyewe inaitwa Linkwitz-Riley, kwa jina la huyu huyu wa pichani na mwenzake Russ Riley wa Hewlett-Packard, ilichapishwa mwaka 1976, na uzuri wake ni kwamba pale pa makabidhiano wawili wanakwenda hatua moja. Ukigeuza waya, mmoja anasukuma wakati mwenzake anavuta. Wanauana, kama mbele na nyuma ya ubao. Shimo linafunguka kwenye 3,000, mahali pale pale ambapo sikio la mzee nalo lina shimo. Angesikiliza mwaka mzima asingelipata.

Chomeo ikapata moto, dakika kumi zikapita, waya zikabadilishana. Sindano ikashuka tena.

Mbaraka akasimama katikati. Sina namna nyingine ya kusema. Alisimama pale kati ya mbao mbili, urefu wa mtu, mbele ya godoro kuukuu la ukutani. Mstaafu alifumbua macho akatazama pale pale, kama mtu anayetaka kumpisha mgeni kiti. Kama alisikia, au aliuona uso wangu tu, sijui.

Pamoja na hayo mzee alikataa kuziachia. Alisema aliyekosea waya mmoja kwa taa ya simu anaweza kuwa amekosea na mwingine, zitapimwa binti akirudi. Mstaafu akaondoka na bahasha yake, hakuaga vizuri. Saa kumi na moja muuza mbao alikuja. Nilisikia mazungumzo yao nikiwa nje, kama ulivyojua, pale watu hawanong'oni, na si ya kuandikwa kwenye safu ya familia.

Jumanne iliyofuata nikarudi. Binti yupo, macho mekundu ya msiba na safari, laputopu imefunguliwa. Mstari wa kushoto na wa kulia ulikuwa umelaliana, unauona kama mmoja. Gari ya mstaafu ilikuwa njiani.

Kile kipande changu cha plaiwudi kilikuwa bado mezani. Binti akakiokota, akakisoma, akanitazama kwa huruma.

"Kaka, umeandika 'tuwita'. Ndivyo mnavyoandika huko gazetini?"

"Nani tena," mzee akauliza kutoka nyuma ya ubao, "yuko gerezani?"